Baiskeli, singeli na usiku wa Dar: nani anaruhusiwa kupiga kelele?

Leo nina hoja ambayo najua wapo watakaoiita ya kihuni. Nataka kuzungumzia baiskeli na singeli. Najua mtu atasema "huyu dogo kakosa cha kuandika", lakini nivumilieni mpaka mwisho ndipo mnishushue.

Kisa chenyewe kilianza Jumamosi moja. Nilikuwa natoka kwenye kigodoro Mburahati, saa tisa kasoro usiku, nakanyaga zangu pedeli kurudi Ilala kwa kupitia Kigogo. Baiskeli yangu ni mtumba, zile za Kijapani zenye kikapu mbele. Dainamo ilishakufa siku nyingi, kwa hiyo nilikuwa nimefunga tochi kwenye usukani kwa kipande cha tyubu. Gari la doria likanisimamisha. Maswali yalikuwa matatu tu: unatoka wapi, unaenda wapi, risiti ya baiskeli iko wapi. La kwanza nikajibu ukweli kwamba natoka kwenye singeli, na hapo ndipo nilipoharibu kila kitu. Mmoja akacheka akasema, "Kumbe ni hawa hawa." Hawa akina nani, hakusema.

Baiskeli ikalala kituoni siku nne (kituo sikitaji, sitafuti ugomvi). Ilitoka baada ya mjumbe wetu kwenda kunisemea, na ilitoka bila kengele wala pampu. Sasa niwaulize wadau, kati yenu nani ana risiti ya baiskeli ya mtumba? Inashushwa kwenye kontena, fundi anaikaza spoki na kuibadilisha cheni, unamlipa, unapanda. Basi. Mwenye gari hata akitoka kwenye ukumbi saa kumi usiku, muziki unadunda mpaka vioo vinatetemeka, sijawahi kusikia kaulizwa risiti ya redio.

Nikakaa nikatafakari. Mbona vitu hivi viwili, baiskeli na singeli, mji unavitazama kwa jicho lile lile?

Tuanze na muziki. Singeli haikudondoka toka mbinguni. Kabla yake kulikuwa na mchiriku, wengine wanauita mnanda, ule wa miaka ya 90: kinanda kidogo cha Casio, ngoma za Kizaramo, na spika za tarumbeta zilizochoka kiasi kwamba sauti inatoka imekwaruzwa. Kule kukwaruza ndiko kulikuwa utamu wenyewe. Jagwa Music, walioanza 1992, walipiga hivyo hivyo mpaka kampuni ya Ubelgiji, Crammed Discs, ikatoa albamu yao Bongo Hotheads mwaka 2012. Vijana wa Manzese, Tandale na Mburahati wakaja na kompyuta badala ya Casio. Wakachukua vipande vya taarabu, wakavikata, wakavizungusha, wakavikimbiza mapigo 200 kwa dakika na zaidi, hata 300. MC juu yake anamwaga maneno bila kupumua. EFM ilipoingia hewani mwaka 2014 ikaipa singeli nafasi redioni, na majina kama Msaga Sumu, Man Fongo na Sholo Mwamba yakajulikana nchi nzima.

Lakini kuna singeli nyingine ambayo redioni huisikii sana, ile ngumu, isiyo na kiitikio cha kuimbia bafuni. Hiyo ndiyo ninayoifuata mimi na baiskeli yangu. Studio ya Sisso pale Mburahati ndiyo imeibeba. Mwaka 2017 Nyege Nyege Tapes ya Kampala ilitoa mkusanyiko unaoitwa Sounds of Sisso, na kuanzia hapo mambo yakabadilika. Bamba Pana akatoa Poaa mwaka 2018, Jay Mitta akatoa Tatizo Pesa mwaka 2019, Duke akatoa Uingizaji Hewa mwaka huo huo, na DJ Travella akatoa Mr Mixondo mwaka 2022. Vijana hawa wamepiga kwenye matamasha ya Ulaya. Kule kuna watu wanaopenda muziki unaoitwa noizi, yaani kelele yenyewe ndiyo muziki. Merzbow wa Japani anafanya hivyo tangu mwisho wa miaka ya 70, na watu wanalipa kiingilio kuingia kwenye vyumba vya chini kumsikiliza. Walipoisikia singeli yetu wakashika vichwa!

Kwa hiyo fikirini. Kelele ile ile ikipigwa Berlin inaitwa sanaa na inauzwa tiketi. Ikipigwa Mburahati kwenye uwanja wa vumbi, ni uhalifu unaosubiri kutokea. Kila panya road wanapotikisa mji, kama ilivyokuwa Januari 2015 na tena 2022, vigodoro huwa vya kwanza kunyooshewa kidole. Simaanishi vibaka hawaji kwenye vigodoro, wanakuja, mimi mwenyewe nimeshachomolewa simu. Lakini vibaka wapo pia kwenye mwendokasi na kwenye mechi za Kwa Mkapa, na hakuna aliyesema mpira upigwe marufuku.

Sasa tuje kwenye baiskeli. Mwendokasi ulipoanza Mei 2016, zile kilomita 21 hivi za Kimara, Kivukoni, Gerezani na Morocco zilijengwa pamoja na njia ya waenda kwa miguu na baiskeli. Mradi ule uliiletea Dar tuzo ya kimataifa ya usafiri endelevu ya mwaka 2018. Sisi waendesha baiskeli tukashangilia. Jamaa wa UWABA, umoja wa waendesha baiskeli wa hapa Dar, walikuwa wameshapiga kelele miaka mingi kudai njia kama hizo. Haya, pita leo Morogoro Road kuanzia Magomeni mpaka Manzese uone. Kwenye njia ya baiskeli utakuta bodaboda zimepaki, mama lishe kapanga sufuria, fundi simu kaweka meza, gari la mtu limepanda juu kabisa. Siwalaumu mama lishe, naye anatafuta. Lakini mwendesha baiskeli anarudi barabarani kubanana na malori. Na mvua ikinyesha Jangwani ikajaa, mwendokasi wanasitisha safari. Sisi tunabeba baiskeli begani na kutafuta pa kuvukia.

Na nani anayeendesha baiskeli mji huu? Muuza mikate wa alfajiri, muuza samaki anayetoka Feri, yule anayetoka upande wa Kisarawe na magunia ya mkaa yanayomzidi kimo. Na sisi wa usiku. Singeli inakolea wakati daladala zimeshalala, bodaboda anakuambia bei ya usiku, na mfukoni una mia tano ya maji. Baiskeli ndiyo tiketi yetu. Nimeona MC anafika shughulini na baiskeli, laptop mgongoni, waya kaufunga kwenye keria. Anapiga mpaka saa nane, anafungasha, anapanda anaondoka. Ukimkamata huyo kwa kosa la kuwa barabarani usiku, umemkamata mtu anayetoka kazini.

Ila hapa lazima niwe mkweli, maana nisipokuwa mkweli mtanisuta. Kelele zinaumiza. Nyuma ya nyumba tunayokaa kuna bibi mwenye presha. Wiki ile ilipokuwa shughuli ya dada wa jirani, masabufa yaliwekwa hatua kumi tu kutoka dirishani kwake. Kibali kilisema mwisho saa sita, muziki ukaisha saa kumi na moja. Mimi nilikuwa mmoja wa waliocheza. Asubuhi nikamkuta amekaa kibarazani, kanga kichwani, hajalala kabisa. Nikamwamkia shikamoo bibi, akaitika marahaba mjukuu wangu, kisha akaniuliza taratibu, "Hivi mkinizika ndiyo mtapunguza?" Sikuwa na jibu. Mpaka leo swali lile linanifuata nikiwa kwenye baiskeli.

Kwa hiyo sisemi kelele ziachiwe. Kanuni za kudhibiti kelele zipo, za mwaka 2015, na NEMC wanazisimamia. Ninachohoji ni namna. Kanuni inataka upime. Kupima ni kuja na kifaa, kusema hapa umezidi, punguza au zima. Kinachotokea uswahilini ni gari kuingia, watu kutimka, spika kubebwa, na wenye baiskeli kuulizwa risiti. Wiki inayofuata mziki unapigwa tena, sauti ile ile, saa zile zile, kwa sababu hakuna aliyefundishwa kitu zaidi ya kukimbia.

Mimi sina digrii, elimu yangu ni form four, lakini naona mambo matatu yanawezekana bila kusubiri mfadhili.

Kwanza, singeli ianze mapema. Saa kumi jioni kwenye kiwanja cha mpira, spika zitazame barabara kuu na siyo madirisha ya watu, saa sita ikifika umezima. Maringo ya kuanza saa tano usiku tumejizoesha wenyewe.

Pili, serikali ya mtaa inapotoa kibali iende ikaangalie mahali. Waulize nani anaumwa, nani ana mtoto mchanga. Mjumbe anawajua wote hawa kwa majina. Kibali kinachoandikwa mezani bila kumuuliza yule bibi hakina maana.

Tatu, njia za baiskeli zilizopo zisafishwe na ziwekewe taa. Wamachinga watengewe upande wao na sisi tuachiwe wetu. Na askari wa usiku wajue kwamba kutokuwa na risiti ya mtumba siyo ushahidi wa wizi. Nikiwa sina taa, nikamate kwa taa, hilo nakubali. Tangu siku ile nimenunua taa ya betri, ya mbele na ya nyuma.

Jumamosi hii kuna shughuli nyingine, upande wa Manzese. Nitaenda. Nimeshamwambia bibi kwamba safari hii ni mbali na dirisha lake, akasema, "Haya, na huko nako kuna bibi wa mtu." Wadau, mimi hapo nimekwama. Nyie mnaonaje?

Naomba kuwasilisha.