Mwanao Akisema Atakula kwa Mchezo



Swali linalotufikia mara kwa mara kutoka kwa akina mama wa Ifakara, Mang'ula na Mlimba ni hili: tufanye nini na mtoto asiyetaka kusikia habari za vitabu, akili yake yote iko kwenye mpira, naye anasema siku moja atacheza Ulaya? Baba anafoka, mama anaficha viatu vya mpira, mtoto anazidi kutoroka. Wengine wetu tunafanya kinyume chake. Tunaona dhahabu miguuni mwa mtoto, tunaanza kuhesabu mabati ya nyumba atakayotujengea.

Mwezi huu tunawaletea kisa cha ndugu wawili. Mchezo wao hatuuoni katika bonde letu, kwani ni mpira wa magongo unaochezwa juu ya barafu. Barafu tunayoijua sisi ni ile ya ubuyu, watoto wanayonyonya njiani wakitoka shule. Lakini hapa Ifakara tumeishi miaka mingi na mapadre, masista na madaktari kutoka Uswisi, na kwao mchezo huo unapendwa kama tunavyopenda sisi Simba na Yanga. Kila upande una wachezaji sita pamoja na kipa. Wanavaa viatu vyenye chuma chembamba kama kisu chini ya soli, nao hawakimbii bali wanateleza. Badala ya mpira wanapiga kisahani kigumu cha raba. Mchezo unachosha sana, hata mchezaji hukaa uwanjani kwa muda usiofika dakika moja hivi, kisha hutoka mwenzake aingie. Ligi kubwa kuliko zote ni ya Marekani na Kanada, nayo huitwa NHL.

Watoto wa tumbo moja

Ndugu hao ni Fredrik na Johnny Oduya. Baba yao ni Mkenya, mama yao ni Mswidi, nao walikulia Stockholm. Fredrik, mkubwa, alizaliwa mwaka 1975, na Johnny mwaka 1981. Wote wawili waliupenda mchezo huo wakiwa wadogo.

Kila mwaka klabu za NHL huchagua vijana kwa zamu, na klabu iliyomchagua kijana ndiyo yenye haki ya kumsajili. Mwaka 1993 Fredrik alichaguliwa na klabu ya San Jose ya California. Hebu fikiria furaha ya nyumba ile! Lakini kuchaguliwa si kufika. Fredrik alicheza ligi za chini, wala hakupata kucheza hata mechi moja ya NHL.

Johnny naye alichaguliwa mwaka 2001 na klabu ya Washington, na jina lake lilikuwa la 221. Kama ni darasani, tungesema mtoto ameshika mkia. Klabu ile hakuichezea hata mara moja. Alirudi kwao Sweden, akaendelea na kazi huko, mpaka mwaka 2006 klabu ya New Jersey ilipomchukua. Alipoanza kuichezea alikuwa na miaka 25.

Nafasi yake ilikuwa beki, yaani mlinzi, mtu ambaye kazi yake huonekana pale tu anapokosea. Mwaka 2010 klabu yake ilimbadilisha na mchezaji wa Atlanta. Mwaka 2011 klabu ya Atlanta ilihamishiwa Winnipeg, Kanada, naye akahama nayo. Mwaka 2012 akapelekwa Chicago. Mwaka 2015 akaenda Dallas, mwaka 2017 akarudishwa Chicago, baadaye akaenda Ottawa, na mwaka 2018 akamalizia Philadelphia. Akina mama tulioolewa na walimu au watumishi wa reli ya TAZARA tunajua maana ya barua ya uhamisho. Kwa mchezaji uhamisho huo huweza kuja katikati ya msimu, na lazima afunge mizigo.

Mwaka 2011 Fredrik alifariki kwa ajali ya pikipiki. Johnny aliendelea kucheza na msiba wa kaka yake moyoni. Juni 2013 Chicago walikuwa wakicheza fainali na Boston. Ikiwa imebaki kama dakika moja, mabao mawili kwa mawili, Johnny alipiga shuti kutoka mbali. Lile shuti likaguswa njiani, likagonga mwamba, na mwenzake Dave Bolland akalisukumia ndani. Chicago wakatwaa kombe. Mwaka 2014 Johnny alipata medali ya fedha ya Olimpiki pamoja na Sweden, na mwaka 2015 akatwaa tena kombe na Chicago. Alicheza zaidi ya mechi 800 za NHL. Mechi zake za mwisho katika ligi hiyo alizicheza mwaka 2018, akiwa na miaka 36.

Tunajifunza nini?

Kwanza, malezi mazuri hayamhakikishii mtoto kombe. Watoto wale walikuwa wa nyumba moja na mchezo mmoja, na wote wawili walichaguliwa, lakini mmoja alifika na mwingine hakufika. Si kwamba mama yao alimpenda mmoja zaidi. Mama ambaye mwanawe hakufika asijilaumu, wala asimwite mtoto mzembe.

Pili, kuchelewa si kushindwa. Johnny alifika akiwa na miaka 25. Mbwana Samatta wetu naye alipita African Lyon, Simba, kisha TP Mazembe ya Kongo, ndipo akaenda Genk ya Ubelgiji mwaka 2016, akiwa na miaka 23. Hakuna aliyeruka ngazi. Basi, mtu akija nyumbani kwako akasema mtoto wa miaka 14 anahitajika Ulaya haraka, uza gunia za mpunga ulipe nauli, usimpe hata shilingi. Kanuni za FIFA haziruhusu mchezaji wa chini ya miaka 18 kuhamia klabu ya nchi nyingine, isipokuwa kwa sababu chache maalumu. Tena kanuni za mwaka 2023 zinamtaka wakala awe amefaulu mtihani na kupewa leseni. Mwombe akuonyeshe leseni hiyo, kisha uulize TFF kabla ya kutia sahihi popote.

Tatu, kazi hii huisha mapema, hata kwa aliyefanikiwa. Katika miaka 36 mwalimu au muuguzi bado yuko katikati ya kazi yake, lakini mchezaji anaanza maisha upya. Akiwa hana elimu wala ufundi, ataishi kwa kusimulia mabao ya zamani.

Sisi wakulima wa mpunga hatuhitaji mtu wa mbali kutueleza jambo hili. Hakuna mama wa Kilombero anayetegemea jaruba moja. Mto ukifurika kupita kiasi, mpunga unaoza, na mvua zikikatika, unakauka. Ndiyo maana tunapanda na mahindi au mihogo sehemu za juu. Mpira wa mtoto ni jaruba la bondeni. Likikubali, tutashukuru. Shule ndiyo shamba la juu.

Kuna wanaosema mshika mbili moja humponyoka. Kwa mtu mzima ni kweli. Mtoto wa miaka 13 bado hajajua ipi itabaki mkononi, na kazi yetu wazazi ni kumsaidia asiiachie yoyote mapema. Mpangie saa zake: asubuhi shule, jioni kuanzia saa kumi mpira, usiku daftari. Na tuwe wakweli: msimu wa shamba unapofika, ni sisi tunaowapeleka watoto kwenye madungu kuamia ndege, na masomo yanakatika kwa wiki nyingi. Hatuwezi kuulaumu mpira kwa siku za shule ambazo tumezichukua wenyewe.

Mwisho, mama, zungumza na mumeo kabla ya kuzungumza na mtoto, ili asisikie sauti mbili katika nyumba moja. Kisha siku moja acheni kazi, nendeni wote wawili uwanjani mkamtazame anavyocheza. Hata asipofika popote, atakumbuka kwamba mlikuja.

Tukutane mwezi ujao.