Sumu Ina Jina, Litajwe

Wazee walituachia neno hili: Mficha maradhi, kilio humfichua. Leo twaliweka mbele ya wote wafanyao kazi na dawa kali, hasa kwetu Salamabila, katika nchi ya Kabambare.

Nyote mwaijua Namoya na dhahabu yake. Tangu Januari 2016 kampuni ya Banro, ya Kanada, iliitoa dhahabu hiyo kwa biashara, hata mwaka 2019 iliposimamisha kazi kwa ajili ya kukosekana usalama. Mawe yalipondwa, yakarundikwa juu ya mkeka mzito wa plastiki, yakanyunyiziwa maji yenye sianidi, nayo yakaiyeyusha dhahabu. Sianidi ni mtumishi hodari, lakini ni sumu kali. Huuzuia mwili kuitumia hewa uivutayo, hata mtu aweza kufa kwa dakika chache. Ikikutana na asidi hutoa mvuke wa kuua.

Basi tuwaze: lori limepinduka njiani, mapipa yamepasuka. Nani atafika kwanza? Ni jirani, askari, na muuguzi wa kituo cha afya. Asipojua kilichomo, jirani atampulizia mgonjwa pumzi kinywani, naye mwenyewe ataipata sumu. Muuguzi atahitaji oksijeni na dawa iitwayo hidroksokobalamini. Lakini dawa hiyo haitafutwi siku ya msiba. Yapasa iwekwe tayari mapema, na hawezi kuiweka asiyeambiwa.

Haya si ya kubuni. Tarehe 12 Agosti 2015, usiku, ghala la bandari ya Tianjin, nchini China, liliwaka moto. Wazimamoto wa kwanza walikimbilia pasipo kujua vema vilivyomo. Ghala likalipuka. Watu 165 walikufa, na 8 hawakuonekana tena. Wengi wao walikuwa wazimamoto hao hao. Humo mlikuwa na sianidi karibu tani 700.

Wengine husema: Tukitaja, wezi watasikia. Hofu hiyo twaielewa. Lakini kumpa habari muuguzi, polisi na wakuu wa serikali si kuipigia mbiu sokoni. Kila mwenye ghala, mkubwa kwa mdogo, aandike jina la dawa, kiasi chake, mahali ilipo, hatari yake na msaada wa kwanza, kwa Kifaransa na kwa Kiswahili. Karatasi hiyo ifike hospitalini kabla ya mzigo kufika ghalani, na kila mzigo ubadilikapo ibadilishwe.

Nawe, baba unayechoma zebaki nyumbani ili upate dhahabu yako, usione haya mbele ya muuguzi. Mwanao akiugua, mwambie kweli. Na ninyi wanafunzi mjuao kusoma, wasomeeni wazazi maandishi ya mapipa na chupa.

Muuguzi hodari aweza kupigana na adui amjuaye. Tusimpeleke vitani akiwa amefungwa macho.