Corona ya Mwanza, Corona ya Kigoma

Makamanda, hebu tuulizane: hii corona inasoma ramani ya mikoa?

Julai 2021 Mkuu wa Mkoa wa Mwanza alipiga marufuku mikusanyiko, eti corona. Ni siku zilezile tulizopanga kongamano letu la Katiba Mpya. Usiku wa kuamkia Julai 21 Mwenyekiti wetu wa wakati huo, Mbowe, na wenzake wakakamatwa, na akafunguliwa kesi ya ugaidi. Siku nne baadaye, Julai 25, Simba na Yanga wakacheza fainali ya Kombe la Shirikisho pale Lake Tanganyika, Kigoma, mbele ya mashabiki waliotoka kila kona ya nchi. Lwanga akafunga, watu wakakumbatiana. Nchi ni hiyohiyo, Wizara ya Afya ni hiyohiyo, na ni wiki moja tu!

Sina ugomvi na mpira (matokeo yenyewe tuyaache, wengine bado yanawauma). Ugomvi wangu ni kwamba hakukuwa na kanuni. Angalia michezo ya vijana. Machi 2020 serikali ilisimamisha kila kitu, kuanzia Ligi Kuu mpaka UMISSETA na UMITASHUMTA. Juni mosi Ligi Kuu ikaruhusiwa kurudi. Wenye udhamini na haki za televisheni walisikilizwa haraka, ila mtoto wa shule aliyetegemea UMISSETA ili kocha amwone akaambiwa asubiri mwakani. Kwa kijana wa kidato cha nne, mwakani ina maana ameshamaliza shule.

Juni 2021 michezo hiyo ikarudi, Mtwara, watoto wa mikoa mbalimbali wakakutana huko. Vizuri, wacheze. Lakini mzazi ana haki ya kujua nani anapimwa, wanalala wangapi chumba kimoja, na mmoja akianza kukohoa anapelekwa wapi. Na aambiwe kabla mwanawe hajapanda basi.

Jirani zetu Kenya Agosti 2021 walipokea mashindano ya dunia ya riadha ya chini ya miaka 20 pale Kasarani, na yalipangwa kufanyika bila mashabiki. Unaweza kubisha uamuzi huo, lakini angalau ulitangazwa mapema na kila mtu alijua anabishana na nini. Huku kwetu kanuni uliijua siku ulipokutana na polisi getini.

Tunachodai ni kidogo sana. Wizara iandike mwongozo mmoja wa mikusanyiko, useme maambukizi yakifika kiwango gani nini kinafungwa, na umbane Mkuu wa Mkoa kama unavyombana mwalimu wa michezo. Mpira wa Kigoma, ndondo ya Mbagala, michezo ya shule Mtwara, mkutano wa chama Mwanza, vyote vipimwe kwa mizani hiyohiyo. Halafu tupewe tarehe nyingine ya kongamano. Barakoa tutavaa, na ndoo za kunawia tutabeba wenyewe.