Fimbo Mpya, Mikono ya Zamani

Mwenzangu unayecheza gofu kwa fimbo za mumeo, utanielewa. Kwa kimo changu zilisimama mno: kisigino kinagusa nyasi kwanza, mpira unakwenda kushoto. Nikazoea kuusukuma kulia kwa mikono.

Mwezi uliopita nikapimwa, nikapata zangu, zimelazwa nyuzi 2 zaidi. Mpira sasa? Kulia, vichakani! Baba watoto akasema, “Si nilikwambia, zirudishe.” Tukanuniana siku mbili, jamani, kisa fimbo!

Nikachora mstari wa wima kwenye mpira kwa kalamu ya wino mzito, nikapiga. Alama ikabaki usoni mwa fimbo, wima kabisa. Kumbe mwenye makosa ni mikono yangu.

Sasa ni namba 7 tu, nusu nguvu, mipira 30 kila jioni. Yeye ananiokotea, kimyaa.