Mgeni, mkweche na fundi wa chini ya mwembe

Nipo hapa Viwanja Sitini, vumbi letu lile lile la kiangazi na tope letu lile lile la masika. Wiki hii nayaacha kidogo mambo ya mapenzi na mitindo ya nywele, nazungumzia ndoa ya aina nyingine: ndoa ya mgeni aliye mbali na kwao na mkweche wake.

Ifakara na wageni ni watu wa siku nyingi. Wamisionari walishazoeleka, kisha akaja Rudolf Geigy kutoka Basel, Uswisi, na miaka ya 1950 ikaanzishwa maabara ambayo leo ni Taasisi ya Afya Ifakara. Tangu hapo hatujakosa daktari, mtafiti au mfanyakazi wa kujitolea anayekata mitaa na gari lake. Sasa cha kuchekesha ni hiki: mtu katoka Ulaya kwenye magari mapya yanayong'aa, akifika huku anatafuta Land Rover 109 iliyozaliwa kabla baba yake hajaoa! Ukimuuliza, anakwambia eti gari hili lina roho.

Roho au si roho, kuna sababu. Land Rover ilianza kuuzwa mwaka 1948, Uingereza ikiwa imetoka vitani na chuma ni cha kugombania, ndiyo maana bodi ikatengenezwa kwa aluminiamu. Hiyo 109 ni inchi kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma, na ilianza mwaka 1956. Haina kompyuta wala mbwembwe. Ukifungua boneti unaona kila kitu na mkono unaingia. Ila usidanganyike, mpenzi msomaji. Bodi haioti kutu lakini chesisi ni chuma, na tope la bonde letu hupenda kujificha humo ndani. Mgeni mjanja akitoka mashambani haoshi milango ili apige picha. Anaingiza mpira wa maji chini ya uvungu.

Basi bwana, ndoa huanza kuyumba siku ya kwanza gereji. Vijana wetu wengi wamekulia kwenye Toyota na spana za milimita. Bibi Land Rover yeye ni wa inchi. Chukua nati ya 9/16, ambayo ni milimita 14.29. Spana ya 14 haiingii, ya 15 inacheza. Kijana mwenye haraka anaikamata hivyo hivyo ya 15, anavuta kwa nguvu zote, kona za nati zinalika, nati inakuwa duara kama shilingi. Hapo ndipo inapoletwa patasi na nyundo, na mgeni anashika kichwa. Fundi mmoja mkongwe hapa mtaani aliniambia, "Dogo, huyu bibi hataki nguvu, anataka spana yake." Kwa hiyo wewe mgeni unayehamia huku, acha nusu ya viatu vyako nyumbani, beba seti ya spana za inchi. Ukiondoka mwachie fundi wako, atakukumbuka kuliko zawadi ya fulana.

La pili ni maji. Ni kweli Daraja la Magufuli, lile la mita 384, lilifunguliwa mwaka 2018, na kulala kandokando ya Mto Kilombero ukisubiri kivuko kukabaki hadithi. Lakini Lumemo ukifurika hauulizi daraja liko wapi, na njia za mashambani wakati wa masika ni mito midogo tu. Chini ya nyumba ya klachi ya bibi huyu kuna kitundu cha kutolea mafuta yanayovuja. Ukitaka kuvuka maji marefu unakifunga kwa skrubu yake, ukishavuka unaifungua. Watu wengi hawajui hata kama kipo! Halafu kuna difu. Difu yenye moto ikizama ghafla kwenye maji ya baridi, hewa ya ndani hunywea na maji hufyonzwa kupitia sili zilizochoka. Kesho yake fungua nati ya chini kidogo. Mafuta yakitoka kama chai ya maziwa, jua umekunywa mto. Mwaga, weka mengine, la sivyo gia zitakudai hela ya maana.

Sasa tuache utani, tufike kwenye breki. Hapa ndipo watu wanapozikwa.

Mwaka jana nilipewa lifti na mgeni mmoja tukitokea mashambani, gari limejaa: magunia, kuku, na mama mmoja mwenye mtoto mwenye homa kali akiwahi hospitali. Njiani pedali ikashuka mpaka chini. Silinda ya gurudumu la nyuma ilikuwa inavuja, mafuta ya breki yameisha. Abiria mmoja, tena mtu mzima wa heshima zake, akatoa ushauri: "Weka oili ya injini, tutafika." Mwingine akasema maji ya sabuni. Mgeni akakataa katakata. Kelele zikaanza! Huyu mzungu ana roho mbaya, mtoto anaumwa yeye anataka mafuta ya dukani!

Lakini mgeni alikuwa sahihi. Oili ya injini huzivimbisha raba za breki, na zikishavimba mfumo mzima umekwisha. Maji ya sabuni nayo yakipata joto huchemka, na ukikanyaga pedali unakanyaga mvuke. Siku hiyo ikapatikana bodaboda, mama na mtoto wakatangulia mjini kwa nauli ya mgeni, na bodaboda hiyo hiyo ikarudi na fundi, raba mpya na chupa ya mafuta ya breki. Tulikaa pale saa nne, mbu wakitutafuna. Mtoto alitibiwa akapona, na sisi wengine tulifika wazima. Tangu siku hiyo nikipanda gari la mtu, la mzungu au la Mpogoro mwenzangu, nauliza breki kwanza ndipo nashukuru kwa lifti.

Msidhani wageni peke yao ndio wenye ndoa hizi. Ndugu zetu walioko ughaibuni nao wanazo, tena kali zaidi. Uingereza gari likishafika miaka mitatu hupelekwa kwenye ukaguzi wa MOT kila mwaka, na fundi wa kule analipwa kwa saa, si kwa soda. Binamu yangu anayeishi huko ana Toyota kuukuu, Jumapili analala chini yake kwenye baridi amevaa makoti mawili. Juzi akakwama. Akarekodi mlio wa gari kwenye simu akamtumia fundi wetu wa hapa Viwanja Sitini. Fundi akasikiliza mara mbili, akauliza, "Inalia ka-ka-ka ukikata kona tu?" Ndiyo. "Hiyo sivi jointi, kaka, upande wa nje. Usibadilishe kingine." Ikawa ndiyo hiyo hiyo! Mnaowaita mafundi wetu mabingwa wa kamba na waya mpo?

Mwisho, neno kwa washikaji wanaomvizia mgeni anayefunga mizigo wauziwe mkweche kwa bei ya kutupa. Bei ya kutupa ina mdomo wake. Magari mengine ya wageni huingia nchini kwa msamaha wa kodi, na msamaha ni wa mwenyewe, hauhamii kwako pamoja na funguo. Ukinunua kichwa kichwa, mgeni ameshapanda ndege na wewe unabaki na gari lisiloweza kubadilishwa jina mpaka kodi ilipwe. Kabla hujatoa hata senti, tazama kadi ya gari, kisha nenda TRA ukaulize. Halafu mwite fundi mwenye spana za inchi alale chini agonge chesisi kwa nyundo. Ikilia ngo, ni chuma. Ikilia pwa, aga kwa heshima ondoka zako.

Na fundi akishainuka, mlipeni jamani. Chai na maandazi si mshahara.

Tukutane wiki ijayo, panapo majaliwa.