Ufunguo wa bweni ukae ndani

Kila Januari, shule inapofunguliwa, mbele ya bweni langu hupangwa matranka ya bati. Ya bluu, ya kijani, mengine yamechorwa maua na fundi wa sokoni, na kila moja lina jina la mwenyewe kwa rangi nyeupe. Mzazi anakuja na fomu ya kujiunga mkononi, anaisoma kama anayehakiki deni: godoro, shuka mbili za bluu bahari, ndoo ya lita 20 yenye mfuniko, jembe, fyekeo, fagio la chelewa, rimu moja ya karatasi. Nami nahakiki upande wangu. Mwaka huu nilihesabu mabinti 94 na vitanda vya dabo deka 47, nikamshukuru Mungu. Mwaka juzi wanne walilala wawili wawili hadi Pasaka.

Fomu hiyo ina kurasa saba. Imetaja hadi idadi ya nguo za ndani. Haijasema popote nani atakuwa na ufunguo wa mlango usiku, na hakuna mzazi aliyewahi kuniuliza.

Mimi ni mwalimu wa Historia katika shule ya wasichana huku Nyanda za Juu Kusini, na huu ni mwaka wangu wa tisa nikiitwa matroni. Sikuomba. Nilikabidhiwa bweni kwenye kikao cha walimu, katikati ya ajenda ya chaki na mengineyo, kwa sababu nyumba yangu ndiyo iliyokuwa jirani na kwa sababu, kama alivyosema aliyeongoza kikao, "wewe ni mama". Vipindi vyangu 24 kwa juma havikupungua hata kimoja. Pamoja na daftari la rolikoli nilipewa kufuli kubwa lenye kutu na maelekezo mafupi: saa nne usiku, prepu ikiisha na majina yakishaitwa, funga mlango kwa nje, lala na ufunguo, fungua saa kumi na moja alfajiri.

Nilifunga kwa nje siku kumi na nne. Ya kumi na tano ilikuwa Februari, mvua inapiga bati kiasi kwamba hata redio huisikii. Binti wa kidato cha kwanza alibanwa na pumu. Wenzake waligonga mlango, wakapiga ndoo, wakapiga kelele madirishani. Kutoka bwenini hadi kwangu ni hatua themanini, nilizihesabu baadaye, na sikusikia kitu. Aliyesikia ni babu mlinzi, huko getini, aliyekuwa ametoka nje kwa haja zake. Nilipofika nilikuta nyuso zimebanana kwenye nondo za dirisha. Ufunguo ulikataa kuingia kwenye kufuli, jinsi mkono wangu ulivyokuwa unatetemeka. Binti alipona, leo ni muuguzi. Kufuli lile lipo kwenye droo yangu mpaka leo. Mlango wetu sasa unafungwa kwa ndani, na ufunguo unaning'inia kwenye msumari kando ya kitanda cha kiranja wa bweni.

Ninajua kuwa shule nyingi bado zinafunga kwa nje. Najua na sababu, kwa kuwa naambiwa kila nikilisema jambo hili. Wezi. Vijana wa kijijini. Watoto wenyewe. Baba mmoja aliniambia bila kupepesa macho, "Madamu, nimeleta binti, nataka nije kumkuta binti." Namwelewa. Lakini kufuli la nje linamlinda nani? Linatulinda sisi walimu tusiulizwe maswali asubuhi. Aliyeko ndani halimlindi na moto, wala na pumu, wala na kifafa, wala na mwenzake anayemtesa gizani.

Na moto hatuuzungumzii kama hadithi. Juni 1994, pale Shauritanga, Rombo, waliteketea bwenini wasichana zaidi ya 40. Agosti 2009 ikawa Idodi, mkoani Iringa, wasichana 12. Wenzetu wa Kenya walizika wavulana 67 wa Kyanguli, Machakos, mwaka 2001, na pale ilithibitika kwamba mlango mmoja ulikuwa umefungwa na madirisha yalikuwa na nondo. Kila mara tulilia, tukachanga, tukaunda tume. Halafu jioni tukarudi mabwenini na makufuli yetu.

Niseme ukweli ambao wapinzani wangu wataupenda: tangu nianze kuacha ufunguo ndani, mabinti wawili wametoroka usiku. Mmoja alikwenda kwao, kijiji cha pili, kwa kuwa bibi yake alifariki na barua ya ruhusa ilikuwa bado inasubiri sahihi. Wa pili alikwenda disko la mnadani. Huyu nilimfuata na kumrudisha kabla ya saa sita, kwa sababu wenzake walifungua mlango, wakaja kunigongea, wakaniambia. Wangekuwa wamefungiwa asingetoka mlangoni. Angepita kwenye dari, kama walivyopita wengine kabla yangu, na hakuna ambaye angeweza kuja kunigongea.

Ndiyo maana nasema tumeweka kufuli mahali pa mtu. Shule haina mtu mzima wa kukaa na watoto usiku, basi inanunua chuma. Na ukitaka kujua mtu huyo anahitajika kiasi gani, utazame mwaka mmoja tu wa bweni.

Mimi kwanza ni benki. Simu kwa wanafunzi ni marufuku, kwa hiyo wazazi wananitumia mimi. "Madamu shikamoo, nimemtumia elfu kumi, nimeweka na ya kutolea." Wengine ya kutolea wanaisahau, mwezi mzima. Nina daftari la mistari lenye kurasa za kila binti: leo katoa 2,000, kalamu na mandazi. Humo nimesoma mengi kuliko kwenye faili za ofisini. Binti anayeacha kutoa fedha ghafla, au ambaye fedha zake zinaanza kutumwa na namba ngeni, namwita tunywe chai.

Halafu kuna mambo ambayo hayasemwi mbele ya bendera. Taulo za kike, kwa mfano. Serikali iliziondolea kodi ya ongezeko la thamani mwaka 2018, ikairudisha mwaka uliofuata kwa maelezo kuwa bei hazikushuka. Kwenye duka la getini kwetu kweli sikuona tofauti, ilipoondolewa wala iliporudi. Walioleta tofauti ni mabinti wa kidato cha tatu, walioweka boksi la biskuti nyuma ya mlango wa bafu: chukua moja, ukipata rudisha moja. Hawakuniomba ruhusa. Nililigundua likiwa na miezi minne, nikajinyamazia, na kila mwisho wa mwezi natumbukiza pakiti mbili nikijifanya nakagua mabomba.

Julai baridi ya huku ni ya kung'ata. Alfajiri nyasi za uwanjani zina barafu nyembamba, zinavunjika chini ya viatu. Wa Makete wanamfundisha wa Kyela kuvaa soksi mbili na kulala na sweta. Miaka mitatu iliyopita, katika usiku mmoja kama huo, nilipita saa sita na kurunzi nikahisi joto lisilo la kawaida kwenye kona. Chini ya kitanda kulikuwa na karai lililojaa makaa ya moto kutoka jikoni, limefunikwa kwa sinia lenye matundu. Walikuwa wamelipanga vizuri, na wale sita waliolizunguka walikuwa wamelala usingizi mzito kuliko usingizi. Makaa kwenye chumba kilichofungwa hayatoi moshi wa kukushtua. Yanatoa hewa inayokulaza moja kwa moja. Tulifungua madirisha yote, tukawatoa nje na mablanketi. Wakatapika, wakaumwa vichwa siku nzima, wakaniomba nisiwaandike kwenye kitabu cha makosa. Sikuwaandika. Niliwaandika wengine, kwenye barua ya kuomba mablanketi, ambayo sijajibiwa.

Lakini mwezi ambao sitausahau ni Septemba ya mwaka jana. Ilikuwa juma moja kabla ya mtihani wa moko. Saa nane usiku binti mmoja aliamka akipiga kelele kwamba kuna kitu kinamkaba. Wa kitanda cha juu akaanza. Kabla sijafika walikuwa wameanguka saba, asubuhi wakawa kumi na tisa, wanalia, wanacheka, wanakakamaa. Neno lilikuwa limeshaenea: mapepo. Mwenzangu mmoja akataka aitwe mchungaji, mwingine akataka aitwe shehe. Wakaitwa wote wawili, kila mmoja akaomba kwa nafasi yake, na sina neno nao, walikuwa watu wa heri. Mwingine akapendekeza shule ifungwe, watoto warudishwe makwao.

Hapo Historia ilinisaidia. Januari 30, 1962, katika shule ya misheni ya wasichana ya Kashasha, karibu na Bukoba, wasichana watatu walianza kucheka wakashindwa kunyamaza. Shule ilipofungwa Machi 18, walikuwa wameshapatwa 95 kati ya 159. Walimu hakuna aliyepatwa. Madaktari walipima, hawakukuta sumu wala mdudu. Na mabinti waliporudishwa nyumbani, kicheko kikaenda nao. Watu wa Nshamba, ambako baadhi yao walitoka, wakakipokea kwa mamia. Dunia inalisimulia tukio hilo kama kichekesho. Mimi naliona kama bweni ambalo watoto walilemewa na jambo na hawakuwa na namna nyingine ya kulisema.

Kwa hiyo niliomba tusifunge. Wale walioanguka nikawatawanya, wanne wanne, katika nyumba za walimu wa kike. Waliobaki nikawapeleka bwalo la chakula wakapike uji wenyewe, kwa sababu mikono yenye kazi haiigi. Nikakaa kitandani kwa yule wa kwanza, nikamuuliza si kuhusu mapepo, bali analala saa ngapi. Akaniangalia kama niliyeuliza jambo la ajabu. Pampu ya kisima ilikuwa imeharibika wiki mbili. Zamu za kuchota maji mtoni zilikuwa zinaanza saa tisa usiku, ili ya jikoni yapatikane kabla ya uji, na prepu inaisha saa nne. Kiangazi cha Septemba, mto umenywea, foleni ndefu. Nilijua pampu imekufa. Sikujua zamu zimesogezwa hadi saa tisa. Utaratibu uliwekwa na viranja wenyewe, kwa nia njema kabisa, na mimi majuma hayo mawili nilikuwa nasahihisha karatasi hadi usiku wa manane na kulala kama gogo. Hatua themanini, tena.

Tulikodi boza la maji, tukawalaza watoto saa tatu kwa siku nne. Hakuna aliyeanguka tena. Kwenye taarifa iliyopelekwa juu iliandikwa "tatizo la kiimani, limedhibitiwa". Nilikataa kuweka sahihi, ikaenda bila sahihi yangu.

Wapo wanaosema dawa ni kufuta mabweni. Kwa watoto wadogo nakubaliana nao. Waraka wa mwaka 2023 uliozuia bweni chini ya darasa la tano ulichelewa tu. Kwa binti wa sekondari sikubali. Njoo uone mageto yanayozunguka shule za kata huku kwetu: chumba cha udongo, watoto wawili wa miaka kumi na minne, kibatari, na mwenye nyumba anayegonga saa anazotaka. Bweni lenye mtu ni bora mara mia.

Lenye mtu. Nchi yetu ilipanga shule 26 mpya za bweni za wasichana za sayansi, moja kwa kila mkoa wa Tanzania Bara, na nafurahi kwa moyo wote. Nimepita kwenye mojawapo, maabara zake zinang'aa. Niliomba nioneshwe bweni, nikauliza matroni atalala wapi. Aliyekuwa akinitembeza akaniangalia, akasema watampanga mwalimu. Ninachoomba kingelipwa kwa bei ndogo kuliko darubini za maabara ile: mtu aliyeajiriwa kwa kazi ya bweni, si mwalimu aliyebaki na nguvu za jioni; aliyefunzwa kuzima moto, kumhudumia mwenye pumu, na kumsikiliza mtoto; mwenye chumba ndani ya jengo lenyewe, ukuta kwa ukuta na watoto. Na mlango wa pili upande wa nyuma, unaofunguka kwa kusukuma. Mimi mwenyewe sitakuwa mtu huyo, nina miaka mitatu kabla ya kustaafu na magoti yangu hayataki tena kurunzi ya usiku wa manane.

Novemba kidato cha nne wanamaliza. Matranka yanatoka tena, safari hii mepesi, kwa sababu ndoo na jembe zinaachwa kwa wadogo. Siku ya mwisho ya mtihani nilimsubiri kiranja wa bweni barazani aje kunikabidhi ufunguo, kama utaratibu unavyotaka. Saa kumi na mbili ikapita. Saa moja nikaenda mwenyewe. Msumari wa kando ya kitanda chake ulikuwa mtupu. Kumbe ufunguo ulishahama tangu mchana. Ulikuwa kitanda cha tatu kutoka mlangoni, kwa binti wa kidato cha tatu, yule yule wa Septemba aliyeanza kupiga kelele. Alikuwa ameufunga uzi mwekundu wa kufumia ili usipotee gizani, na mwenzake wa kitanda cha juu alikuwa amefumba macho, akijaribu kuupata kwa kupapasa.