Saini ya Mfamasia

Zahanati ikishafunga mlango jioni, wagonjwa wa mtaa hawapungui. Wanahamia duka la dawa, ambalo liko wazi hadi saa tatu au nne usiku, halina foleni ndefu wala halitozi ada ya kumwona daktari. Anakuja mama mwenye mtoto anayeharisha tangu asubuhi. Anakuja kijana wa bodaboda mwenye kidonda kinachotoa usaha, na dada anayenong'ona kwamba mkojo unamchoma. Wote humwita aliye nyuma ya kaunta "dokta". Naye huwauliza maswali mawili matatu, huchagua dawa, hukadiria dozi, huhesabu vidonge na kuvitia kwenye bahasha ndogo, kisha hupokea pesa. Kwa kila kipimo cha kawaida, hapo mgonjwa ametibiwa. Kilichokosekana ni maandishi: hakuna karatasi inayosema mtu huyu alikuwa na nini, alipewa nini, kwa sababu gani, na nani aliyeamua.

Toleo hili linatetea hoja kwamba wafamasia wa maduka ya dawa ya mitaani wafundishwe kuandika dawa, na wakishafuzu wapewe mamlaka ya kisheria ya kufanya hivyo kwa magonjwa machache yaliyotajwa kwa majina. Hoja hii huletwa mara nyingi kwa sababu ya uhaba wa madaktari, na uhaba huo upo kweli. Mimi naitetea kwa sababu nyingine. Cheti cha daktari kina jina, tarehe na saini. Mgonjwa akidhurika, yuko mtu wa kuulizwa. Dawa inayotoka kaunta bila cheti haina mwenyewe. Kumpa mfamasia kalamu ni kumtaka ajibu.

Sheria tuliyonayo inasema antibiotiki ni dawa za cheti. Kila mwenye duka anaijua, na hakuna anayeweza kusema kwa moyo mkunjufu kwamba inafuatwa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018 kuhusu maduka ya dawa ya Manispaa ya Moshi ulituma watu waliojifanya wagonjwa. Maduka mengi mno yaliwauzia antibiotiki bila cheti. Tumekuwa tukijibu hali hii kwa makatazo na misako. Msako hupita, duka hufunguliwa tena, na mgonjwa yuleyule hurudi na shida ileile, kwa sababu homa yake haikuondoka na mkaguzi.

Hebu tuangalie UTI, yaani maambukizi ya njia ya mkojo, maana hakuna neno linalotajwa zaidi kwenye kaunta zetu. Siku hizi maumivu ya kiuno ni UTI, uchovu ni UTI, na homa ambayo kipimo cha malaria kimeikana ni UTI. Mteja haji kueleza anavyojisikia, anakuja na jina la ugonjwa tayari: "Nipe ya UTI." Mara nyingi hutoka na siprofloksasini, pengine vidonge vinne tu kwa sababu pesa haikutosha. Sasa fikiria mtu aliyefundishwa. Atamuuliza kama mkojo unachoma kweli, kama anaamka usiku kukojoa, kama mkojo umekuwa na ukungu. Atamuuliza kama kuna uchafu au muwasho ukeni, kwa sababu ukiwapo, uwezekano mkubwa tatizo liko kwingine na dawa ya mkojo haitasaidia kitu. Atamuuliza kama ana homa na maumivu ya mbavuni, yaani kama maambukizi yameshapanda kwenye figo. Atamuuliza juu ya ujauzito, kisukari, na mara ngapi hali hii imejirudia mwaka huu. Akiwa mwanamume, hatamtibu hapo, atamwandikia rufaa. Maswali haya hayachukui dakika kumi. Mwishoni mwa maswali, baadhi ya wateja watapata dozi fupi ya dawa inayofaa, wengine watatumwa kituo cha afya, na wengine wataambiwa kwamba hawahitaji antibiotiki yoyote.

Hilo kundi la mwisho ndilo linalonigusa zaidi, kwa sababu antibiotiki isiyohitajika hulea bakteria sugu. Mwaka 2019 peke yake, kwa makadirio yaliyochapishwa katika jarida la Lancet, watu milioni 1.27 duniani walikufa moja kwa moja kutokana na bakteria waliokuwa sugu kwa dawa, na Afrika kusini mwa Sahara ndiyo iliyobeba kiwango kikubwa kuliko maeneo mengine yote. Sisi Watanzania hatuhitaji kufundishwa na mgeni maana ya kupoteza dawa. Klorokwini ilikuwa dawa ya kila nyumba. Mwaka 2001 nchi ililazimika kuiacha kama tiba ya kwanza ya malaria kwa sababu vimelea vilikuwa vimeizoea. Tukahamia SP, nayo haikudumu. Mwaka 2006 tukaingia kwenye dawa mseto. Kila hatua ilikuwa ya gharama kubwa zaidi kuliko iliyotangulia, na katikati ya hatua hizo watoto walikufa.

Wapo watakaosema: kama tatizo ni antibiotiki kutoka ovyo, iweje dawa yake iwe kuongeza idadi ya watu wanaoruhusiwa kuziandika? Swali ni zuri. Jibu langu ni kwamba idadi ya wanaoamua haitaongezeka hata kwa mtu mmoja. Watabaki walewale, kwenye kaunta zilezile. Kitakachobadilika ni kile wanachokijua na kile wanachoweza kuulizwa.

Nchi hii iliwahi kufikiri hivi, tena si zamani sana. Maduka ya dawa baridi yaliruhusiwa kuuza dawa zisizohitaji cheti tu, lakini vijijini yaliuza karibu kila kitu, kwa sababu hapakuwa na duka lingine. Mwaka 2003, mkoani Ruvuma, ulianza mpango wa Duka la Dawa Muhimu (DLDM). Wauzaji walipewa mafunzo, majengo yakakaguliwa, na orodha fupi ya dawa za cheti, zikiwamo antibiotiki chache, ikahalalishwa. Mpango ukasambaa Tanzania Bara nzima. Una kasoro zake, na wasomaji wetu wanaofanya kazi wilayani wanazijua kuliko mimi. Ila serikali ilikubali kutazama kinachotendeka na kukiwekea utaratibu, badala ya kuendelea kukataza kisichokatazika. Nisieleweke vibaya hapa: siombi mamlaka ya kuandika dawa yapelekwe kwenye DLDM. Mafunzo ya mtoa dawa ni mafupi, na hayawezi kubeba mzigo huo.

Mfamasia ni habari nyingine. Anasoma chuo kikuu miaka minne, kisha mwaka mzima wa mafunzo kwa vitendo. Anajua dawa inavyopita kwenye ini na figo, dawa gani isikutane na gani, dozi ipi inamfaa mzee mwenye kilo arobaini na tano. Na bado kwenye zahanati anayeandika dawa ni tabibu mwenye stashahada ya miaka mitatu. Wafamasia wengi hulalamikia jambo hili, na huwa nawaambia wenzangu kwamba tunalilalamikia vibaya. Tabibu amefundishwa kitu ambacho sisi hatukufundishwa: kumgusa mgonjwa. Amebonyeza matumbo, ametazama koo na masikio, amekaa wodini usiku akaona ugonjwa unavyogeuka. Mfamasia anaijua dawa, mgonjwa hajamjua. Pengo liko hapo, na mafunzo yawe ya hapo. Kozi itakayorudia famakolojia kwa miezi sita na kumalizika kwa mtihani wa kuchagua majibu itakuwa imepoteza muda wa kila mtu.

Chukua mtoto wa mwaka mmoja na nusu anayekohoa. Kuamua kama anahitaji amoksilini au hahitaji hakutokani na wingi wa kamasi wala wasiwasi wa mama. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unataka uhesabu pumzi zake kwa dakika nzima akiwa ametulia: 40 au zaidi kwa umri huo zinahesabiwa kuwa za kasi, na kwa aliye na miezi 2 hadi 11, ni 50 au zaidi. Unatazama kama kifua kinabonyea anapovuta pumzi, kama ananyonya, kama anatapika kila kitu, kama amepata degedege. Kazi hii hutaka saa yenye mshale wa sekunde, mahali pa kukaa, na mtu aliyefanya hivyo mara nyingi mbele ya mwalimu akasahihishwa. Haijifunzwi kwa slaidi.

Uingereza, ambayo mara nyingi hutajwa katika mjadala huu, haikufika ilipo kwa siku moja. Mwaka 2003 wafamasia wake waliruhusiwa kuandika dawa ndani ya mpango wa tiba uliokubaliwa na daktari. Mwaka 2006 wakaruhusiwa kuandika kwa uamuzi wao wenyewe, baada ya kozi maalumu inayojumuisha saa 90 za kazi chini ya msimamizi mwenye mamlaka ya kuandika. Mafunzo sasa yamepangwa upya ili wanaosajiliwa kuanzia 2026 watoke wakiwa tayari na mamlaka hayo. Hiyo ni zaidi ya miaka ishirini. Na hata kule, aliyebobea kwenye presha anatakiwa abaki kwenye presha. Akitaka kuingia kwenye pumu, arudi kujifunza.

Afrika Kusini iko karibu nasi zaidi kwa mazingira. Kule mfamasia aliyesoma kozi ya ziada ya tiba ya huduma za msingi huomba kibali chini ya sheria ya dawa, na akikipata anaweza kutibu magonjwa yaliyoorodheshwa. Baraza lao la famasia lilipotaka kwenda mbele zaidi, mwaka 2021, na kuwaruhusu wafamasia waliofunzwa kuanzisha dawa za VVU za mstari wa kwanza na dawa za kinga, chama cha madaktari kilikwenda mahakamani. Mwaka 2023 Mahakama Kuu ya Pretoria ilitupilia mbali pingamizi hilo. Ningependa sisi tufike hapo bila kupitia kortini. Madaktari ndio watakaokuwa walimu wa mafunzo haya, na mwalimu aliyeburutwa mahakamani hafundishi kwa moyo.

Tena wana hoja moja ambayo hatuna haki ya kuipuuza: anayeandika dawa ndiye anayeuza. Mfamasia wa mtaani mara nyingi ameajiriwa, na mwajiri wake ni mfanyabiashara anayehesabu mauzo kila jioni. Kwa mpangilio huo, kumwambia mgonjwa "huhitaji dawa" ni hasara. Hospitali binafsi yenye famasi yake nayo ina kishawishi hichohicho, lakini dhambi ya jirani haitusafishi sisi. Hata mafunzo mazuri kiasi gani hayatashinda mshahara unaotegemea vidonge. Inabidi ushauri ulipwe. England ilipoanzisha huduma ya Pharmacy First mwezi Januari 2024, kwa magonjwa saba madogo, ilipanga kumlipa mwenye duka pauni 15 kwa kila mgonjwa anayetimiza vigezo vya huduma, awe amepewa dawa au la. Kati ya yote tunayoweza kuiga kutoka kwao, hilo ningelichukua kwanza. Sheria yetu ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 ni nafasi ya kulizungumza: je, bima itamlipa mfamasia kwa dakika kumi alizotumia kumsikiliza mtu na kumrudisha nyumbani na ushauri tu?

Liko jingine, na hili linatuhusu sisi wenyewe. Kila mtu katika taaluma hii anafahamu maduka ambayo cheti cha mfamasia msimamizi kimetundikwa ukutani na mwenye cheti haonekani dukani. Amelikodisha jina lake. Baraza la Famasi haliwezi kumpa mamlaka ya kuandika dawa mtu asiyekuwepo, na nadhani kibali cha kuandika kinapaswa kufungwa kwa mtu na saa zake za kazi, kamwe kisiwe cha duka. Mfamasia akitoka, kalamu inatoka naye. Atakayekamatwa akiacha saini yake itumiwe na mwingine apoteze vyote viwili, kibali na usajili. Wenzangu wengine wataona hili ni kali. Mgonjwa aliyepewa diklofenaki kwa miezi akiwa na presha na figo dhaifu hataliona kali.

Orodha ya kwanza iwe fupi. Ningeanza na mtoto anayeharisha bila damu, apewe ORS na zinki kwa siku 10 hadi 14, bila metronidazo inayogawiwa kwa mazoea; na mwanamke mtu mzima, asiye mjamzito, mwenye maambukizi mepesi ya kibofu; na mgonjwa wa presha aliyetulia ambaye dawa zake zimekwisha kabla ya tarehe ya kliniki, ili asikae siku kumi bila kidonge. Watoto wachanga wa chini ya miezi miwili wawe nje kabisa, watumwe hospitali mara moja. Mafunzo yafanyike kwenye vituo vya afya, mfamasia akikaa chumba kimoja na tabibu au daktari, jalada lake likisainiwa mgonjwa kwa mgonjwa. Vyuo vikiacha kipengele hiki kwa sababu ya gharama, basi visianze.

Kurasa zinazofuata zinabeba maoni ya wanaounga mkono na wanaopinga, na baadhi ya wanaopinga wameandika kwa nguvu iliyonifanya nibadilishe vifungu kadhaa vya maneno haya. Mabadiliko ya sheria yatachukua miaka. Wakati tukisubiri, hakuna kinachomzuia mfamasia kuweka daftari kaunta kuanzia kesho na kuandika kila alichoamua: umri wa mgonjwa, malalamiko, alichoulizwa, alichopewa au alichonyimwa, sababu, kisha jina lake mwenyewe. Walio tayari kulionyesha daftari hilo, bila majina ya wagonjwa, watuletee. Tutalichapisha toleo lijalo pamoja na maelezo ya daktari mmoja na tabibu mmoja, ukurasa kwa ukurasa, wakisema wapi wangeamua vingine.